Kamba Nne, Mafundo Matatu

Barua ya kwanza ya kujieleza niliyowahi kuandikishwa kazini ilikuwa na sentensi moja tu. Nilikuwa na miezi minne katika ofisi ndogo ya kuklia mizigo, yaani kuitoa bandarini kwa niaba ya wenyewe, karibu na Moi Avenue, Mombasa, na ndani ya wiki moja nilikuwa nimechelewa mara tatu. Nakaa Likoni. Mkaazi wa Likoni anayefanya kazi kisiwani hahitaji kusimuliwa habari za kivuko saa moja asubuhi, lakini mkuu wa ofisi hakutaka masimulizi. Alitaka karatasi, tena ya Kiingereza. Nikavuta kiti nikaandika:

"Although I left home early but I arrived late because the queue was long so I request forgiveness."

Nikaisoma mara mbili nikaiona tamu. Kisa kimo, sababu imo, toba imo. (Hapo pa kuondoka mapema nilitia chumvi, lakini si hoja ya leo.) Kabla ya adhuhuri karatasi ilirudi mezani kwangu, neno moja limezungushiwa duara jekundu, "but", na pembeni alama ya kuuliza. Hapana maelezo. Msamaha nilipewa, duara sikuelezwa.

Jioni nilipita kwa ami yangu, Kibokoni. Ami ni ndugu wa marehemu baba, na alikuwa karani wa kuhesabu shehena Kilindini tangu siku ambazo mizigo iliteremshwa kwa magunia na nyavu, kabla makontena hayajatawala kila kitu. Kiingereza chake hakikutoka chuoni. Kilitoka kwenye madaftari ya meli, ambako karani akiandika ovyo, mzigo wa mtu hupotea kwenye karatasi na huku umesimama mbele ya macho yake. Nilimkuta barazani na kikombe cha kahawa chungu.

"Msalkheri, ami."

"Akheri, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikampa ile karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akacheka kwa puani. Akaingia ndani, akarudi na vipande vya kamba ya usumba, akavitandaza juu ya mkeka.

"Hizi kamba ngapi?"

"Nne."

"Nataka ziwe kamba moja ndefu. Nifunge mafundo mangapi?"

Nilidhani anafanya mzaha. "Matatu."

"Haya, nihesabie vitendo kwenye sentensi yako."

"Left, arrived, was, request. Vinne."

"Na viunganishi?"

"Although, but, because, so." Nikanyamaza. "Navyo vinne."

"Basi hilo fundo la nne umelifunga wapi, yakhe? Hewani?"

Nilikaa nikatazama zile kamba. Miaka yote ya shule nimefundishwa viunganishi vya Kiingereza mmoja mmoja, kama orodha ya kwenda sokoni: hiki maana yake lakini, hiki ingawa, hiki kwa sababu. Sikumbuki hata siku moja niliyoambiwa kwamba vina hesabu. Kila vitendo viwili vinavyounganishwa hupata fundo moja, si mawili. Vitendo vikiwa vinne, mafundo ni matatu. Na kitendo kinachohesabiwa ni kile chenye mtu na wakati wake. "I wanted to go" ni kamba moja, kwa kuwa "to go" haina mtu wala haina jana na leo. Ni mkia tu wa "wanted".

Ukiiondoa ile "but", barua yangu inasimama: "Although I left home early, I arrived late because the queue was long." Au ukiiacha "but", mwondoe "although": "I left home early, but I arrived late." Chagua mmoja. Omba msamaha kwenye sentensi yake mwenyewe, alisema ami, msamaha haufai kuburutwa nyuma ya foleni ya feri.

Nilichokuwa nimefanya ni kusema Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. "Ingawa niliondoka mapema, lakini nilichelewa": nenda nayo baraza yoyote ya Mji wa Kale, hapana atakayegeuza shingo. Wapo walimu wa Kiswahili wanaoikataa, najua, ila ulimi haujawasikiliza. Sisi tunapenda neno la kwanza liitikiwe. Kwa kuwa, basi. Kama, basi. Kwa sababu, ndiyo maana. Mmoja anaita, wa pili anapokea, kama kwenye kasida. Kiingereza hakina kiitikio hicho. Mzungu akisikia "although" mwanzoni, keshajua kona iko mbele, na ukimwongezea "but" unamwonyesha kona mara mbili. Vivyo hivyo "Because I was sick, that is why I did not come". Kwetu ndiyo maana ina uzito wake, kwake ni fundo la ziada.

Kwa wanaosikia uchungu kuiacha ile lakini, ami aliniachia mwanya: tia "still". "Although I was tired, still I went." Hiyo haihesabiwi fundo. Na "then" inayofuata "if" nayo haihesabiwi. Nilimbana hapo nikidhani nimemkamata: "If I finish early, then I will come", vitendo viwili, maneno mawili, sasa? Akajibu bila kuinua macho kwamba "then" ni ncha ya kamba iliyozidi baada ya kufunga, ukiikata fundo halifunguki. Nikajaribu kuikata. Kweli, halikufunguka. Ikate "if" uone.

Hasara ya somo zuri ni kwamba unatoka nalo mbio. Kwa wiki kadhaa niliogopa viunganishi kama mtu aliyeumwa na nyuki. Barua pepe zangu zikawa kama simu za upepo za zamani. "The car has arrived. I have not seen it. The yard is closed. I will go tomorrow." Mteja mmoja wa Kampala aliniuliza kama nimemkasirikia.

Tena nikaanza kuona kwenye barua za wenzangu kitu kilichonitatiza: viunganishi viwili vimekaa bega kwa bega, na hakuna aliyevizungushia duara. "But if". "And when". "That unless". "Because although". Nilipeleka malalamiko Kibokoni kama mtu aliyedhulumiwa. Ulisema mawili hayakai pamoja!

"Sikusema hayakai pamoja," ami akasema. "Nilisema kila fundo liwe na kamba yake. Mafundo mawili yaweza kugusana, madhali hili limeshika hii, na lile limeshika ile."

Akaniandikia nyuma ya risiti ya umeme: "I wanted to go home, but because the driver had not come, I stayed."

Vitendo vitatu, mafundo mawili. "But" na "because" zimegusana, lakini "because" imeshika dereva, na "but" imeruka juu ya dereva kwenda kushika "I stayed". Ushahidi wake ni huu: mnyanyue dereva mzima mzima umtoe. Kinachobaki ni "I wanted to go home, but I stayed", na hakuna kilichochanika. Sasa rudi kwenye barua yangu ya kwanza ufanye vivyo hivyo. "Although" inataka kuunganisha kuondoka na kufika, na "but" inataka kuunganisha kuondoka na kufika. Wawili wanavutana kiti kimoja.

Hicho kipimo cha kunyanyua ndicho nilichokitumia zaidi ya vyote, mpaka leo. "I told him that if I was late, he should leave without me." Nyanyua kuchelewa: "I told him that he should leave without me." Inasimama. "And but" je? Hakuna cha kunyanyua katikati, zote mbili zinakodolea kamba ileile, kwa hivyo hazioani. "Or but" vilevile. Halafu "and so" na "and yet" zinapita, nazo zimebanana bila kitu katikati, na hapo nilimwona ami akijikuna kidevu. Alichosema ni kwamba "so" na "yet" zina mguu mmoja kwenye viunganishi na mguu wa pili nje, kama kuli aliye pia na kibanda cha kuuza maji. Siku "and" akiwepo kazini, wao huenda kibandani. Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Cha "and" chenyewe kilinisumbua kwa njia ambayo sikuitazamia. Ukiandika habari zako kwa Kiswahili, hakuna haja kubwa ya "na" kwenye vitendo. Niliamka nikanywa chai nikaenda kivukoni nikapanda feri. Ile ka ndiyo "and", ndiyo "then", ndiyo yote, na imo ndani ya kitendo kimya kimya. Sasa mimi nikihamisha, ka ilikuwa haionekani, basi nayo haikuhama. Nikaandika: "I woke up, I took tea, I went to the ferry, I boarded." Kamba nne, mafundo hakuna, koma tupu. Wapo wengine ofisini waliosikia kwamba ka ni "and then", wao waliitia kila mahali: "and then I went and then I boarded and then". Hawa walifunga kila kitu kwa fundo lilelile.

Hapo ndipo ami, aliyesoma chuo cha Kurani kabla ya shule ya Kizungu, alinieleza kitu ambacho hakikuwa na haja yoyote kwenye kazi yangu lakini nimekipenda. Lakini, wala, au, ama, hata, kabla, baada: yote hayo tumeyapata kwa Kiarabu. Vya kwetu wenyewe tuliozaliwa navyo vingi haviko nje, viko ndani ya kitendo: ki, ka, po, nge. "Mwarabu alituletea mafundo," alisema. "Sisi tulikuwa tukisuka." Mzungu hasuki, anafunga mafundo. Ukienda kwake na msuko wako, haoni palipounganishwa.

Na katika kufunga huko anao ubahili mmoja wa kuchekesha. Nafsi ya kwanza yetu, ni, haiachi kitendo hata kimoja: nilifunga, nikaenda, nikalala. Yeye akishasema "I" mara moja, baada ya "and", "but" au "or" anaweza kuiacha nyumbani: "I locked the gate and went home." "I saw the lorry but did not stop." Nikafurahi, nikaiacha kila mahali, nikaandika "I did not eat because was late". Hapana. Baada ya "because", "when", "if" na "although", "I" yake lazima aje mwenyewe. Ukitaka kujua kiunganishi ni cha kundi gani, jaribu kumfukuza huyo "I" uone kama sentensi italia.

Siku ambayo mambo haya yaliacha kuwa mchezo wa barazani ilikuja na sili iliyokatika, ile lakiri inayofungia mlango wa kontena. Kontena moja ilikutwa yadi sili yake imekatwa. Hakikuibiwa kitu, alhamdulillahi, ila kila aliyekuwa zamu alitakiwa aandike maelezo. Nikaandika kwa mkono, kwa makini, nikahesabu kamba na mafundo, yakatoka sawasawa: "Even if I was at the yard, I did not see who cut the seal."

Niliitwa ndani. Mkuu akaniuliza swali moja: ulikuwako yadi ama hukuwako?

"Nilikuwako, mzee. Nimeandika hapo."

"Umeandika kwamba hata kama ulikuwako. Mtu aliyekuwako haandiki hivyo."

Jasho lilinitoka. Kwa Kiswahili "hata kama nilikuwa pale, sikuona" inabeba yote mawili, na msikilizaji anapima kwa sura yako na kwa habari anayoijua. Kiingereza kimeyagawa. "Even if" ni ya jambo ambalo hujakiri, huenda lilikuwa huenda halikuwa. "Even though" ni ya jambo lililokuwa kweli, nawe unalikubali. Neno moja, na mimi nilionekana kama mtu anayechezea kimaandishi suala la alikokuwa. Niliruhusiwa kuandika upya. "Even though I was at the yard, I did not see who cut the seal." Hesabu ilikuwa ileile, vitendo vitatu na mafundo mawili, kwa maana "who" nayo ni fundo. Kumbe mafundo yaweza kutimia idadi na bado ukawa umefunga fundo lisilo lake.

Baada ya hapo nilianza kuwinda sentensi zangu mwenyewe za zamani, nikakuta maiti kadhaa. Nilikuwa nimemwandikia mteja "Unless you do not pay by Friday, there will be storage". Nilikusudia usipolipa, utatozwa ada ya kuwekewa mzigo. "Unless" tayari ina ule "usipo" ndani yake, nami nikaongeza wangu, kwa hiyo nilimwambia asiye na deni ndiye atakayetozwa. Alilipa, Mungu amjalie, ama alielewa kilichokusudiwa ama hakuisoma. Ya pili ilikuwa "before I have not received the documents". Sisi husema kabla sijapokea, kukana kwetu kumekaa hapo kihalali kabisa, jambo halijatokea, basi twakana. Mzungu hakani: "before I received". Na "I have not eaten nor I have not drunk", kutoka sijala wala sijanywa. "Nor" imeshameza "not", halafu inageuza mpangilio, "nor have I drunk", kitu ambacho bado naona ni kujitia makuu.

Nimebakiza ile iliyonichukua muda mrefu zaidi kuiacha, nayo ni ndogo kuliko zote.

Yule mteja wa Kampala, yule aliyedhani nimemkasirikia, alikuwa akingoja gari kutoka Japani. Nikamwandikia: "If the ship arrives on Thursday, I will start clearing your car." Hazikupita dakika kumi akapiga simu. Akapiga tena. Meli ina nini? Kwa nini "if"? Imepata ajali? Mimi nilikuwa nimefikiria tu meli ikifika Alhamisi. Ki yetu haikulazimishi kuamua. Ikifika yaweza kuwa itafika bila shaka, yaweza kuwa labda, na aliyeko upande wa pili wa simu hashtuki. Nikifika nitakupigia: mama yako akisikia hivyo hakai akawaza utafia njiani. Mwambie mtu kwa Kiingereza "if I arrive" na umempa usiku mzima wa mashaka.

Ami hakunionea huruma. "Unayo 'itakapofika', yakhe. Hiyo haina labda ndani yake. Ni wewe tu waona uvivu kuitamka." Ila akanionya nisiihamishe nzima nzima, maana itakapofika ina ta, na "when" haitaki "will" karibu yake. Si "when the ship will arrive", ni "when the ship arrives". Wakati ujao hutajwa upande mmoja tu wa fundo, kwenye "I will start".

Nikaiweka akilini. Miezi ikapita, mteja yuleyule akaagiza gari la pili. Nikamwandikia, nikiwa na raha ya mtu aliyefaulu mtihani: "When the ship arrives on Thursday, I will start clearing your car, and if the documents are complete, I will finish by Monday." Vitendo vinne. "When", "and", "if". Matatu. "And" na "if" zimegusana, nyanyua stakabadhi uzitoe, inasimama. "When" ya hakika, "if" ya labda. Nilitaka kuitia kwenye fremu.

Meli ilichelewa kutoka bandari iliyotangulia. Alhamisi haikuja, Ijumaa haikuja. Jumamosi alasiri nilikuwa Kibokoni, ami anakula mahamri, simu ikalia. Ujumbe kutoka Kampala, maneno matatu:

"You said when."

Nikampa ami simu asome. Akasoma, akafuta vidole kwenye kikoi, akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Sasa mjibu," akasema, "na nataka kuona kamba ngapi."